Mafaili ya Uzi Mwekundu

Jumapili, 8 Januari 2017

Leo zimeletwa kompyuta. Nne. Zimeshushwa kwa lifti ya maiti, maana ile ya watu ni mbovu tangu Ramadhani. Nimeihesabu kuwa dalili njema.

Pamoja nazo amekuja binti kutoka Irbid, kuyahamishia mafaili yetu humo. Rudayna. Miwani, daftari, viatu vya mpira. Mkurugenzi alinitambulisha: huyu ndiye Mutlaq, Abu Sattam, masijala yote ya hospitali iko kichwani mwake. Alikusudia kunisifu. Binti akasema kwa adabu zote kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe, ami.

Miaka ishirini na sita nimekaa chini ya ardhi, kati ya mabomba ya maji moto na mafaili elfu thelathini. Leo nimekuwa tatizo!

Akaniuliza habari za nyuzi. Nikavimba kidogo. Nyuzi ni uvumbuzi wangu, sikufundishwa na mtu. Mke wangu, Umm Sattam, alikuwa akifuma sweta, nikamwomba mabaki ya sufu. Faili lenye uzi wa kijani: mgonjwa ana ndugu wizarani. Bluu: hupenda kushtaki. Njano: hajawahi kumaliza dawa aliyopewa. Mwekundu: kuna dawa itakayomuua. Dawa gani? Imeandikwa humo ndani, pengine ukurasa wa mia na kitu, kwa mwandiko wa daktari aliyekwisha kufa. Hakuna anayeitafuta. Daktari akiona uzi mwekundu hunipigia simu, nami humjibu kabla hajamaliza kutaja jina la babu wa mgonjwa.

Haya yote sikumwambia. Nilimwambia nyuzi ni za urembo. Akaomba nimwandikie maana ya kila rangi kabla ya wiki kwisha. Nikasema inshallah.

Jumatatu, 9 Januari

Nimeanza kutafuta watu wa upande wangu. Kazi nyepesi. Hospitali nzima ni upande wangu.

Daktari Shukri wa wodi ya kifua ni rafiki yangu tangu tulipokuwa na nywele. Jana alijaribu kuandika kwenye kompyuta homa ya mgonjwa mmoja. Alitumia kidole kimoja, akanywa chai glasi mbili, na alipomaliza homa ilikuwa imeshuka. Ameapa hataigusa tena. Ataagiza dawa kwa mdomo, wauguzi wahangaike wenyewe.

Wauguzi nao wamepata dawa yao. Wote kumi na mmoja wanaingia kwa neno la siri la mwenzao Inas, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipata kwanza na hajui kumnyima mtu kitu. Wamelibandika kwenye kioo cha mashine. Basi kwa mujibu wa kompyuta, leo saa tatu asubuhi Inas alikuwa anapima presha wodi ya wanaume, anazalisha juu, na anakwenda msalani. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Inas mwenyewe alicheka kidogo tu. Ni binti mtaratibu, baba yake ni fundi viatu, hawana ukoo wa kuwasimamia hapa mjini. Akaniuliza kama mambo haya hayawezi kumletea balaa. Nikamwambia balaa liko Irbid, limevaa miwani.

Jumanne, 10 Januari

Nimepata njia. Naandika polepole ili niifurahie.

Rudayna ameanza na wagonjwa wa kifua, kwa sababu ya baridi. Anataka mafaili yao yote ayaingize. Vema. Nitampa ya kijani, ya bluu na ya njano. Ya uzi mwekundu nitayaficha. Nimeyahesabu: sitini na matatu. Nimeyatia kwenye kabati la chuma na kulifunga, na ufunguo uko mfukoni mwangu pamoja na tasbihi.

Siku moja mgonjwa wa uzi mwekundu atakuja. Watafungua kompyuta, watakuta patupu kama jangwa. Watakumbuka kwamba kuna mtu chini. Nitapanda ngazi polepole, faili kwapani, na mkurugenzi atakuwa amesimama mlangoni. Sitasema neno.

Rudayna aliona hesabu haifanani na ya daftari la wagonjwa. Nikamwambia mengine yako kwa mshona vitabu. Akaandika.

Faili nene kuliko yote ni la Hajja Watfa. Kila majira ya baridi kifua chake hubana, wanawe humleta, na kabla ya kumwona daktari hushuka kwanza kunisalimu na kuniletea mabonge ya jamidi, mtindi mkavu wa mbuzi wake. Miaka kumi na tisa sasa. Penisilini ikimgusa tu, pumzi inakatika. Mwanzoni alikuwa akimwambia kila muuguzi, tena kwa hofu. Mimi ndiye niliyemtuliza. Nilimwambia, usijisumbue kukumbuka, Hajja, nimekukumbukia mimi. Alilia siku ile. Alisema hata marehemu mumewe hakuwahi kumwambia maneno kama hayo.

Usiku nilimsimulia Umm Sattam mpango wangu. Akaendelea kuchambua dengu. Mwisho akauliza, na wasipopiga simu? Wanawake hawaelewi mambo ya ofisi.

Alhamisi, 12 Januari

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi amezikwa binamu wa mke wangu. Saa tano nikafunga masijala, kama nifanyavyo siku zote kwenye msiba, kama afanyavyo kila mtu. Asiyekwenda matangani mji mzima humsema. Nikazima mlio wa simu kwa heshima ya marehemu. Nikanywa kahawa chungu. Nikataka kuondoka, wakanishika joho, nile kwanza. Nikala. Nikakaa na wazee, nikawadokezea kwamba hivi karibuni watasikia habari zangu.

Saa nane na nusu nikarudi. Nikatazama simu. Simu saba, zote za Inas!

Nilifurahi. Mungu anisamehe, niliruka. Niliona moja ya jumbe zake: ni Hajja Watfa. Nikafungua kabati, nikalitoa faili, nikalipangusa vumbi. Nikajitazama kwenye kioo cha mlango na kuweka sawa ikali, ile kamba ya kilemba, kichwani. Kisha nikapanda ngazi kama nilivyopanga. Polepole.

Kitanda cha Hajja kilikuwa kitupu. Shuka ziko chini. Inas alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, viganja vimefunika mdomo. Walikuwa wamekwisha kumkimbiza Hajja chumba cha mahututi.

Nimerudi chini na faili langu.

Ijumaa, 13 Januari

Sikwenda msikitini. Nimewaambia watu naumwa mgongo.

Yaliyotokea nimeyapata kwa mlinzi wa getini. Hajja aliletwa saa sita, kifua kimembana. Inas akamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Hajja, pumzi juu juu, akajibu maneno haya, na mlinzi aliyasikia kwa masikio yake: "Mambo yangu yako kwa Abu Sattam, chini."

Inas akakimbia chini. Kufuli. Akapiga simu. Akapiga tena. Akaenda kwa Rudayna, wakafungua kompyuta, jina la Hajja halimo kabisa. Daktari Shukri akapita na haraka zake, akasema bibi huyu huja kila mwaka, mchomeni penisilini. Inas akauliza kama wamjaribu kwanza kwenye ngozi. Akaambiwa hakuna muda.

Amri ilitoka kwa mdomo. Kwenye kompyuta hakuna daktari yeyote. Kuna jina moja tu la aliyetoa sindano.

Faili nimelirudisha kabatini. Sikujua pengine pa kuliweka.

Jumapili, 15 Januari

Hajja bado yuko kwenye mashine ya kupumulia. Inas amesimamishwa kazi. Kamati inakuja kutoka Amman. Na wana wa Hajja wametuma ujumbe: muuguzi aliyemchoma mama yao asionekane mtaani, na baba yake afunge duka, mpaka mambo yajulikane. Yule mzee amefunga duka jana.

Hospitali nzima inasema kompyuta ndiyo iliyoua. Hajafa, lakini wanasema hivyo. Madaktari watatu wameshuka kunipa mkono. Mmoja aliniambia ulituonya, Abu Sattam. Ushindi ndio huu. Nilivyoutaka ndivyo ulivyokuja, na tangu Alhamisi sijaweza kumeza kitu isipokuwa chai.

Rudayna naye alishuka. Aliuliza kama faili la Hajja liko miongoni mwa yale ya mshona vitabu. Nikasema ndiyo. Mshona vitabu gani? Wa sokoni. Sokoni upande gani, ami? Nikasema nyuma ya wauza kuku. Akaandika. Binti huyu anaandika kila kitu.

Jumatatu, 16 Januari

Nimepata njia nyingine. Nzuri kuliko ya kwanza.

Jaha! Kwetu mtu akiwa na kosa, wanaume wazito hufunga safari kumwombea nyumbani kwa waliokosewa. Baba yake Inas hana wanaume. Mimi ninao. Nitakusanya kumi na mmoja, nitasema mimi mwenyewe, maana nyumba ya Hajja inanipenda. Binti atasamehewa. Akishasamehewa, nani atahangaika na faili? Kamati itakuta watu wamekwisha kupatana. Kila mtu atapona, na mimi nimo.

Nilikwenda kumwambia fundi viatu. Alikuwa amekaa gizani nyuma ya mlango wa duka lake mwenyewe. Aliponisikia akainuka, akanibusu bega, akasema Mungu amemletea mtu. Inas alikuwa nyuma ya pazia. Alisema jambo moja tu: "Ami, nilikupigia mara saba."

Nikamwambia najua, binti yangu. Nikatoka bila kumaliza kahawa.

Jumanne, 17 Januari

Tumekwenda baada ya alasiri. Wanaume kumi na mmoja wenye majoho, akiwamo fundi viatu, na Daktari Shukri katika joho la kuazima linaloburura vumbi. Daktari alikubali kuja upesi mno.

Wana wa Hajja walitupokea kwa heshima. Mkubwa wao, Jadaan, akamimina kahawa, akanipa mimi kwa kuwa ndiye msemaji. Nikaiweka chini mbele yangu, kama desturi ilivyo: haja ikikubaliwa utakunywa, ikikataliwa utaondoka na kiu yako. Hakuna aliyegusa kikombe.

Nikasema. Lazima nikiri nilisema vizuri. Nilisema binti ni yatima wa ukoo, mkono wake haukukusudia, mashine ilimdanganya. Nikataja miaka kumi na tisa. Nikataja jamidi. Wazee wawili walipangusa macho.

Jadaan aliwatazama ndugu zake. Kisha akasema, "Mama alikuwa akituambia, mimi nikienda hospitali siogopi, Abu Sattam yuko. Kwa ajili yako wewe uliyemlinda, tumemsamehe yule binti. Kunywa kahawa yako."

Nikakichukua kikombe. Kumi wengine wakangoja, maana hawawezi kunywa kabla yangu. Nikakifikisha mdomoni. Kahawa haikuingia. Nikajaribu tena. Nikasikia saa ya ukutani. Jadaan akanitazama, uso ukaanza kubadilika. Asiyekunywa baada ya kukubaliwa anatukana nyumba.

Nikakirudisha chini nikasema. Sikupanga. Nilisema, "Faili halikuwa kwa mshona vitabu. Lilikuwa kabatini mwangu. Nililificha makusudi, ili mnihitaji. Ufunguo huu hapa."

Nikauweka kwenye zulia. Ulikuwa umenasa kwenye tasbihi, nikahangaika kuutoa, mbele ya watu wote. Hakuna aliyenisaidia.

Halafu, pembeni yangu, Shukri akasema kwa sauti ndogo kwamba sindano aliiagiza yeye.

Jadaan akasimama. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akainama, akachukua kile kikombe, akampelekea fundi viatu aliyekuwa amekaa mlangoni, mwisho wa wote. Kisha akanigeukia. "Kahawa hii ni ya binti. Yako, Abu Sattam, bado haijachemshwa."

Wakanywa kumi. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Jumatano, 18 Januari

Nimempa mkurugenzi maelezo yangu kwa maandishi. Kurasa nne. Alisema moja ingetosha.

Shukri naye alileta maelezo yake, ya mkono. Kamati ya Amman ikayapitisha mtu kwa mtu, hakuna aliyeweza kuyasoma. Ikabidi waniite mimi. Basi nilisimama mbele ya watu watano nikasoma kwa sauti kubwa kosa la rafiki yangu, baada ya kuwa wamekwisha kusoma langu. Hata daktari mwenyewe kuna mahali aliniuliza ameandika nini.

Inas amerudishwa kazini. Mimi nimekatwa mshahara wa miezi miwili na kuwekwa chini ya Rudayna. Hukumu ya Shukri itajulikana wiki ijayo. Wauguzi wamebandua karatasi kwenye kioo, kila mmoja amepewa neno lake.

Nilikutana na Inas kwenye ngazi. Akanisalimu. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mtu asiyejulikana, na akapita.

Jumamosi, 21 Januari

Hajja Watfa ameamka. Nimeitwa. Nilidhani naitwa kufukuzwa.

Amekuwa mdogo kitandani. Koo limechubuliwa na bomba, sauti inatoka kama ya mtoto mwenye mafua. Nikapiga magoti kando yake. Nikaanza hotuba. Akainua kidole, nikanyamaza.

"Ungesahau ningekusamehe papo hapo," alisema. "Mimi mwenyewe nasahau hata majina ya wajukuu. Lakini wewe hukusahau, mwanangu. Ulikumbuka, ukafunga kabati."

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia kwenye shuka ya serikali mpaka ikalowa.

Akaniuliza wako wangapi wengine wa kabatini. Nikasema sitini na wawili, Hajja, ukijitoa wewe. Akasema Jadaan atachemsha kahawa yangu siku atakapoambiwa kwamba wote wameandikwa pale ambapo mtu yeyote akitazama ataona, hata mimi nikiwa nimekufa. Kisha akafumba macho.

Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Naandika tarehe ili ikumbukwe.

Jumapili, 26 Februari

Nimepitwa na siku nyingi bila kuandika. Kazi ilikuwa kubwa. Mimi nilisoma, Rudayna akaandika. Sitini na matatu ya kifua, halafu ya wodi zote: mia nne na kumi na mawili. Katika kurasa za zamani tulikuta hata wagonjwa tisa ambao sikuwahi kuwafunga uzi. Rudayna alifungua ukurasa mpya. Aliwaandika tu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda nyumbani kwa Hajja na wanaume watano. Jadaan alichemsha. Nilikunywa. Hajja alikuwa chumba cha ndani, akagonga ukuta mara mbili kwa fimbo yake, nikajua ananisalimu. Sijawahi kunywa kahawa kama ile.

Leo Rudayna ameondoka kurudi Irbid. Aliniambia nimekuwa mwanafunzi wake bora, na mimi nikamwambia amekuwa binti yangu. Kweli tupu. Mkurugenzi amenipa cheo: msimamizi wa mfumo. Kuna neno moja kuu la siri, linalofungua kila kitu siku mashine ikigoma. Rudayna aliniachia kwenye bahasha tatu: moja ya mkurugenzi, moja ya Inas, moja ya daktari wa zamu. Akaniapisha nizigawe leo hii.

Nimekaa nazo mezani tangu adhuhuri. Nimefikiri kwa makini, kama mtu aliyejifunza kwa machungu. Mkurugenzi hupoteza hata miwani iliyo usoni. Daktari wa zamu kila siku ni mwingine. Inas ana moyo mwema, atampa kila anayeomba. Tumekwisha kuona ulivyoleta madhara. Jambo zito kama hili linataka mtu mmoja, mzima, mwenye dhamana.

Nimezichana. Halafu, kwa usalama zaidi, nimelibadilisha neno lenyewe. Jipya halijaandikwa popote, hata humu. Wakilihitaji wanajua nilipo, isipokuwa Jumatano na Alhamisi, maana nitakuwa Aqaba, kwenye harusi ya mpwa wangu.